Ngazi Ipo, Iko Kazini

Jamani, leo chooni kuna sabuni. Ya maji, ya kubonyeza, inanukia limau! Tangu Januari tunanawa kwa imani tu. Sikuhitaji kuambiwa: wakaguzi wa hesabu wanakuja.

Mwezi wa nne Dodoma ndio mwezi wa hoja za ukaguzi. Ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikishatua bungeni, hata muuza kahawa wa Majengo anakuchambulia hati safi na hati yenye mashaka. Lakini ya serikali unaisikia redioni. Hii ya kampuni inakufuata mpaka stoo.

Bosi akatuita kikao. Wakaguzi si polisi, akasema, wanatazama tu kama hesabu zetu zinasema kweli. TRA, watu wa kodi, wanataka hesabu za mwaka ulioishia Desemba, zenye sahihi ya mkaguzi, kabla ya Juni kwisha, na benki haitoi mkopo wa mashine mpya ya kukamulia alizeti bila hizo. "Hawakagui kila kitu, wanachomoa vichache. Jibuni mnachoulizwa, msiongeze chumvi." Mhasibu wetu alikuwa kajikunja kwenye kona na boksi la vocha, ananiuliza kwa macho risiti ya dizeli iko wapi. Risiti nilimpa. Pesa yangu ndiyo hajanipa.

Vichache vyenyewe wakavichomoa kwangu stoo.

Akaja binti mmoja na kishikwambi. "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba, ila shikamoo ya mkaguzi ina ubaridi wake. Akahesabu ndoo za mafuta: sawa. Akapanda juu ya magunia ya mashudu na viatu vyake vyeupe, akahesabu moja moja: sawa. Nikaanza kutembea kama mkuu wa mkoa.

"Ngazi ya aluminiamu, ya mwaka 2021. Naomba kuiona."

Bosi, aliyekuwa nyuma yetu, akakohoa.

"Ipo," nikasema.

"Iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazini si ndiyo hapa, baba?"

"Kazi ya nje."

Akaandika. Mkaguzi akiuliza unajibu, lakini akinyamaza akaandika, jasho linakutoka hadi kwenye nyayo. Akataka geti pasi, kile kikaratasi cha ruhusa ya kutoa kitu nje. Geti pasi haipo, akaitwa mlinzi na daftari lake. Mzee wetu yule wa Kigogo hajui kuremba maneno.

"Ngazi? Si ilipita hapa Jumamosi, juu ya gari la mkurugenzi! Nikafungua geti, nikapiga saluti."

Bosi akakumbuka ana simu ya kupiga. Akapiga hatua mbili, akageuka na uso wa mtu aliyeonewa: "Kwani wewe mtunza stoo, uliiazimisha kwa idhini ya nani?"

Mimi! Ngazi imeegemea tenki la maji nyumbani kwake Kisasa, tunaiona tukipita na bajaji, halafu idhini naulizwa mimi! Mimi napanga chumba kimoja Nkuhungu, dari naligusa kwa mkono, ngazi nipande niende wapi? Hoja ikaandikwa, na sasa inatakiwa majibu ya menejimenti kwa maandishi. Nani kaambiwa ayaandike? Mshahara ukiwa wa stoo, lawama zinakuwa za menejimenti.

Mchana wakaguzi wakaletewa kuku. Sisi tukaletewa harufu.

Halafu tukapangwa mstari na vitambulisho, tulinganishwe na orodha ya mishahara asije akapatikana mfanyakazi hewa. Nikasimama nithibitishe kwamba nipo. Binti akaangalia kitambulisho, akaniangalia, akatazama tarakimu za mshahara, akanipa pole. Pole ya nini? Kama kuna kitu hewa pale ni ule mshahara.

Afadhali angekagua kule ninakopanga. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, wapangaji wote tunachanga sawa. Mimi nina balbu na redio. Jirani ana friji anauza barafu, na mwingine anapiga pasi nguo za mtaa mzima. Umeme ukikatika usiku wa manane mlango unaogongwa ni wangu, eti mimi nafanya kazi kampuni. Nikamuuliza binti kama wanakagua na nyumba za kupanga. Akaniuliza kama tunatunza kumbukumbu. Nikamwambia daftari la michango tunalo, ila kurasa za katikati mama mwenye nyumba amefungia maandazi.