Msiwatenge Vijana na Wazee kwa Sababu ya Nyimbo

Usharika ulionilea, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, umo katika mjadala uliotufikia hata sisi tulio nje kupitia kundi la simu. Linalopendekezwa ni kwamba ibada ya kwanza ibaki ya wazee, yenye kinanda na kitabu cha nyimbo cha Tumwabudu Mungu Wetu, na ibada ya pili wapewe vijana pamoja na timu yao ya sifa, magitaa ya umeme, dramu na spika. Wengi wameafiki kwa sababu pendekezo linaonekana kumaliza manung'uniko ya pande zote. Mimi nalipinga, na sababu zangu nimezipata huku Leipzig, Ujerumani, ambako utengano wa namna hiyo umekwisha kutokea pasipo baraza lolote la wazee kuupigia kura.

Katika usharika ninaosali sasa, Jumapili saa nne asubuhi husikika kinanda kikubwa cha mabomba, na wanaokiitikia ni watu wenye mvi. Vijana wachache waliobaki wana ibada yao ya jioni yenye bendi, ambayo hufanyika mara chache na haimkutanishi mjukuu na bibi yake. Hakuna anayelalamika kwamba spika zinamuumiza masikio, kwa kuwa wale ambao wangezileta hawapo. Ninaposoma malalamiko ya wazee wetu wa Moshi kuhusu kelele za vijana, nakiri kwamba huwaonea wivu kidogo.

Wanaodhani kwamba wimbo wa kanisa una umri wake wa asili wangefaa kuujua wimbo wa Kijerumani uitwao "Danke", yaani "Asante". Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Chuo cha Kiinjili cha Tutzing kiliandaa shindano la nyimbo mpya za kiroho zenye mahadhi mepesi ya wakati ule, na Martin Gotthard Schneider akashinda. Mwaka 1963 wimbo wake uliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana nchini, huku wanamuziki wengi wa kanisa wakiudharau kuwa ni muziki wa dansi uliovalishwa kanzu. Leo umo katika kitabu rasmi cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani kwa namba 334, na hapa kwetu wanaouomba ni wazee, ilhali vijana hutabasamu kwa adabu na kusubiri uishe.

Nyumbani hali haijawa tofauti sana. Nyimbo ambazo wazee wetu huziita za kwetu zilipandishwa mlimani na wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893, na wengi wa wamisionari wa enzi hizo hawakutaka kusikia ngoma karibu na madhabahu. Baadaye zilipokuja kwaya za magitaa, hao ambao leo ni wazee wa kanisa walikuwa ndio vijana walioambiwa kwamba wanaleta mambo ya klabu kanisani. Tena nyimbo zimesafiri pia kutoka kwetu kwenda Ujerumani. Mwaka 1966 Mchungaji Bernard Kyamanywa, Mtanzania ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka 30, aliandika "Mfurahini, Haleluya" kwa lahani ya kwetu. Leo Wajerumani huuimba wakati wa Pasaka kwa lugha yao, namba 116 katika kitabu kilekile. Wazee wa hapa hawaulizi kama ni wimbo wa vijana.

Ladha hufundishwa. Katika Kanisa la Mtakatifu Thomas hapa Leipzig, ambako mtunzi mashuhuri Johann Sebastian Bach alikuwa kiongozi wa muziki kuanzia 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, wavulana wa miaka 9 hadi 18 bado huimba kazi zake kwa furaha dhahiri, kwa sababu kuna mtu aliyekaa nao kila siku akawafundisha. Katika vijiji vya huku mfano ulio bora zaidi ni vikundi vya tarumbeta, kwani mtoto aliyejifunza kupuliza juzi hukaa kando ya mzee aliyestaafu, wakisoma noti kutoka karatasi moja. Matarumbeta ya sharika zetu za Kilimanjaro yanatokana na desturi hiyohiyo.

Wazee wana haki katika jambo moja: sauti za spika zimezidi, na timu ya sifa mara nyingi huimba juu sana na kwa Kiingereza, hata washarika wakabaki watazamaji. Lakini wakumbuke pia kwamba wimbo wa beti nane unaokokotwa kama mkokoteni wenye pancha humchosha hata mzee mwenyewe, ila yeye amezoea kuvumilia. Mambo hayo hurekebishwa mazoezini, ambako mwalimu wa kwaya anaweza kushusha ufunguo, kupunguza sauti na kumwachia kijana mwenye gitaa aongoze wimbo wa kitabuni. Ibada mbili zisizokutana hazimlazimu mtu yeyote kujifunza chochote kutoka kwa mwenzake.

Nimesikia kwamba michango ya spika za ibada ya pili imeanza kukusanywa, na sisi wa nje tumeombwa tuchangie kwa yuro. Mimi nitatoa, ila naomba baraza litafute kwanza bei ya kutengeneza yale matarumbeta yaliyofungiwa stoo, na jina la mzee aliye tayari kuwafundisha watoto wa kipaimara Jumamosi mchana.