Mtaro Wetu Upo, Uko Ukurasa wa Mia Mbili na Kitu

Gari la matangazo limepita tena sokoni asubuhi hii. Lina spika mbili juu ya paa na moja ni mbovu, kwa hivyo nusu ya tangazo imekwenda upande wa machinjioni peke yake. Sisi wa upande wa samaki tumeambulia: "...wote mnaalikwa... kutoa maoni... bajeti ya kaunti... ukumbi wa..." Basi. Ukumbi upi, hatujui. Siku gani, waulizeni ng'ombe.

Mimi nauza ng'onda na papa mkavu. Meza yangu ipo pale ambapo masika yakishuka maji ya soko zima yanakuja kufanya mkutano. Samaki niliyemwanika juani mpaka akawa ubao, ukimtazama tena anaogelea. Ninachotaka ni mtaro. Sitaki uwanja wa michezo, sitaki sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Nataka mtaro wa kutoka mezani kwangu mpaka barabarani, masafa ambayo mtu akitema mate kwa bidii yanafika. Na kwa ajili ya huo mtaro nimelazimika kujua habari za bajeti ya kaunti ambazo mtu wa umri wangu na presha yangu hakupaswa kuzijua.

Kaunti yetu siitaji. Kenya zipo 47, chagua unayoipenda.

Watu hapa sokoni wanadhani gavana hukaa na waziri wake wa fedha, wakanywa chai ya tangawizi, bajeti ikatoka. Laiti! Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mwaka wa karatasi unaanza Agosti ya mwaka uliotangulia. Kufikia tarehe 30 Agosti waziri wa fedha wa kaunti awe ametoa waraka wa kuwaeleza wenzake jinsi ya kuandaa bajeti ya mwaka ujao. Na tarehe mosi Septemba Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwe umeshafika bunge la kaunti. Hebu hesabu hapo. Waraka wa jinsi ya kuanza unatoka leo, mpango unatakiwa kesho kutwa! Halafu mimi nikichelewesha ushuru wa soko mpaka adhuhuri, meza inafungwa utepe.

Basi nikaenda kwenye kikao cha huo mpango. Tangazo lilisema saa tatu asubuhi, wenyewe wakafika saa sita na magari yao yamewashwa kiyoyozi. Nikanyoosha mkono, nikasema mtaro. Afisa mipango, kijana wa suruali ya kubana, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, huo mtaro umo kwenye mpango wa miaka mitano?" Kumbe kuna kitabu kikubwa kuliko vyote, cha miaka mitano, na sheria ya serikali za kaunti inasema pesa ya umma haitengwi nje ya mipango. Kitu kikiwa hakimo mle, hata gavana akikipenda vipi, hakijazaliwa. Kijana akafungua kompyuta, akatafuta, akatabasamu. "Umo, mzee. Ukurasa wa mia mbili na kitu."

Jirani yangu wa meza ya mchicha akapiga kigelegele. Tukanywa soda za serikali. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama watoto mtaro umepita, akaniuliza umepita wapi maana maji bado yapo.

Ikafika Februari. Wakatuita tena, safari hii ni Mkakati wa Fedha wa kaunti, ambao lazima ufike bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na waheshimiwa wana siku 14 za kuujadili. Nikanyoosha mkono. Afisa mwingine, huyu wa miwani, akasema, "Mzee wangu, leo hatuzungumzii miradi. Leo ni viwango. Kila idara ipewe kiasi gani."

Nikamwuliza, mtaro ni idara gani? Akavua miwani, akaifuta, akasema inategemea. Soko ni la Biashara. Maji machafu ni ya Mazingira. Barabara ni ya Ujenzi. Kwa hiyo maji yakiwa mezani kwangu ni mali ya Biashara, yakipinda kwenye kona yamehamia Mazingira, yakivuka lami ni ya Ujenzi. Samaki wangu wanaelea katika wizara tatu na hakuna hata moja iliyonunua kilo.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wajanja wanapotupitia. Siku ile ya Februari ukumbi ulikuwa mtupu. Mimi, jirani yangu, mzee mmoja aliyekuja kukwepa jua, na watu wa kaunti wenyewe. Lakini ndiyo siku mafungu yanakatwa! Aprili, makadirio ya bajeti yakitoka, ukumbi unafurika hadi madirishani, watu wanapigania kipaza sauti, na ikifika Aprili mambo yameshaiva kwa sababu kanuni zinasema bunge la kaunti haliruhusiwi kupandisha wala kushusha fungu zaidi ya asilimia 1 ya kiwango kilichowekwa. Asilimia moja! Umati wote ule, na jasho lote lile, unagombania asilimia moja. Sahani ilipakuliwa Februari, wewe ulikuwa sokoni unapunguza bei ya papa.

Kikao cha Aprili chenyewe ni sinema. Makadirio yanatakiwa bungeni kufikia tarehe 30, na kitabu chake ni cha Kiingereza, kinene, nakala ni moja, na hiyo moja imeshikwa kwapani na msimamizi wa wadi kama kwamba tutaila. Tukaambiwa tutoe maoni juu yake. Tukatoa maoni juu ya jalada.

Vijana wa bodaboda wakataka kibanda cha kivuli. Akina mama wakataka basari za sekondari. Mzee mmoja yeye kila kikao anasimama kuuliza habari za tembo wanaokula mahindi yake, anaambiwa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa, anakaa, kikao kijacho anasimama tena. Safari hii akauliza kama tembo anaweza kuhamishiwa kaunti. Mwalimu akalalamikia madarasa ya shule ya msingi, akaambiwa hilo nalo ni la taifa, la kaunti ni chekechea. Mtoto akiwa mdogo ni wa gavana, akiota meno ya pili ni wa Nairobi.

Kisha wakatusomea sheria. Matumizi ya maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti, mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Mimi hesabu za darasa la saba ninazo. Thelathini na thelathini na tano ni sitini na tano. Nikauliza, na hiyo nyingine? Akaniambia ni ya uendeshaji. Uendeshaji ni nini? Mafuta ya magari, semina, matengenezo, safari za mafunzo. Nikatazama pale nje, magari bado yanaunguruma na kiyoyozi. Kweli wanaendesha.

Lakini tusimnyime mtu haki yake, mtaro ulikuwemo. Nilionyeshwa kwa kidole, na kiasi chake mbele. Ukaenda bungeni. Waheshimiwa wa wadi wana mamlaka ya kurekebisha, ila sheria imewafunga: ukiongeza hapa, ukate pale. Kwa hivyo kila MCA, yaani mwakilishi wa wadi, anaingia na kisu cha wadi ya mwenzake. Wetu alitoa hotuba redioni akauita mtaro wa kihistoria. Nikasikia aibu kidogo, mtaro wenyewe ni wa maji ya samaki. Tarehe 30 Juni haijapita, bajeti ikapitishwa, gavana akaweka sahihi, picha zikapigwa, watu kumi na kitu wamesimama nyuma ya kalamu moja.

Julai nikasogeza meza kupisha wachimbaji. Agosti nikairudisha.

Pesa haijaja, wakasema. Iko Nairobi. Na huko Nairobi nako kuna vituko vyake. Katiba ya 2010 inasema kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ila si mapato ya mwaka huu, ni ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Yaani sisi tunagawiwa kwa kipimo cha pesa zilizokwisha kuliwa kitambo. Mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zilianza na shilingi bilioni 190, wa 2025/26 zikatengewa bilioni 415. Kila mwaka Seneti na Bunge la Taifa wanavutana kiasi, magavana wanatishia kufunga kaunti, na sisi huku tunakausha samaki mara ya pili.

Mwaka 2020 maseneta waligombana juu ya fomula ya kugawa, kaunti ipi ipewe zaidi, ya watu wengi au ya ardhi kubwa. Mwaka wa fedha umeanza Julai, wao wanarushiana maneno. Agosti maseneta watatu wakakamatwa na polisi. Septemba ndipo wakaelewana. Mwaka 2024 nao kaunti zilikuwa zimeahidiwa bilioni 400.1, vijana wakaingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa taifa, ule wa kodi, Rais akauondoa, hesabu zikapigwa upya, kaunti zikashushwa hadi bilioni 387.4. Vijana siwalaumu, mkate nanunua na mimi. Ila mtaro wangu haukuandamana popote na bado ulipigwa rungu.

Na hata pesa ikitoka Hazina, haishuki moja kwa moja. Inakaa kwenye mfuko wa mapato wa kaunti, na haichomoki bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o. Yeye na kaunti ni mama watoto na kabati la sukari: sukari nimenunua mimi, lakini ufunguo anao yeye, na kabla hajafungua nieleze inakwenda kikombe gani. Huyu mama namheshimu. Kila robo mwaka anatoa ripoti ya kaunti moja moja, imetumia ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa safari. Nasikia wakubwa wetu wanazisoma hizo ripoti ndani ya ndege.

Tukakaa. Pesa ikaja vipande vipande. Mishahara ikapita kwanza, halali yao, nesi hawezi kula ukurasa wa mia mbili. Halafu ikaja bajeti ya ziada. Msidanganyike na hilo jina. Mimi nyumbani ziada ni kile kinachobaki, wao ziada ni pale wanapoifumua bajeti katikati ya mwaka na kuishona upya. Kwenye kuishona, mtaro ukadondoka. Nikapanda ngazi za ofisi kuuliza. Nikaambiwa pesa zake zimekwenda kulipa madeni ya wakandarasi. Wakandarasi gani? Mmojawapo alichimba mtaro soko la pili miaka iliyopita na alikuwa hajalipwa.

Nikaenda kuuona huo mtaro. Umeziba kwa mifuko na maganda ya nazi. Basi mtaro usiokuwepo umelipia mtaro usiopitisha maji, na karatasi zote ziko sawa, mkaguzi hapati pa kushika.

Nikamfuata yule kijana wa suruali ya kubana. Akafungua kompyuta. "Usijali, mzee, tumeurudisha kwenye mpango wa mwaka ujao." Ukurasa? "Umesogea kidogo mbele."

Sasa mniambie kitu kimoja. Kuna karatasi moja tu katika hizo zote ambayo haijawahi kudondoka. Ni Mswada wa Fedha wa kaunti, ule wa ada: maegesho, leseni za biashara, ushuru wa soko. Huo sheria inasema upitishwe ndani ya siku 90 baada ya bunge kupitisha sheria ya matumizi. Haungoji Seneti wala fomula. Haujawahi kuambiwa uko idara tofauti. Umepita, gavana ametia sahihi, na kesho yake kijana yuko mezani kwangu na mashine ya risiti, tena amewahi kuliko mimi.

Juzi mvua imepiga, maji yamefika hapa, kwenye kifundo. Kijana wa ushuru huyo, anakuja anaruka ruka juu ya matofali mpaka matofali yakamwishia.

"Shikamoo mzee. Ushuru."

"Marahaba mwanangu. Mtaro?"

"Mimi niko Mapato, mzee. Mtaro uko Matumizi."

Nikamwambia ngoja basi nitafute simu nikutumie. Nikaitafuta chini ya magunia, nikaitafuta kwenye ndoo, nikamwuliza jirani kama ameiona. Jirani naye, Mungu ampe umri, akaanza kuitafuta ndani ya mchicha, fungu moja moja.

Kijana akainua mguu mmoja, akamwaga kiatu, akaurudisha, akainua wa pili.

"Mzee, fanya haraka bwana, nimesimama ndani ya maji!"