Tezi dume isiyosikia dawa: uliza habari za pua

Mwanamume akilalamika kwamba mkojo unatoka kwa kujikamua, unachoma na una damu, hudhaniwa ana maambukizi ya tezi dume na huandikiwa antibiotiki za wiki kadhaa. Mara nyingi ni sawa. Lakini mkojo ukioteshwa maabara kutafuta vijidudu usiote kitu, na dawa zikaisha bila nafuu, kurudia dawa zilezile ni kupoteza muda. Hapo, kwa maoni yangu, mgonjwa aulizwe kuhusu pua yake.

Swali la ajabu, najua. Ila kuna granulomatosisi yenye poliangiitisi, ambayo hadi 2011 wengi waliiita ugonjwa wa Wegener: kinga ya mwili inageuka na kushambulia kuta za mishipa midogo ya damu. Makao yake ni pua, sinusi, mapafu na figo. Tezi dume huiingia kwa nadra sana, lakini ikiingia, tezi huvimba, pengine hadi mkojo kuziba kabisa. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, inaweza kupanda na kidole cha daktari kikagusa ugumu kwenye tezi, basi kila mtu anawaza saratani.

Kwa hiyo uliza: akipenga kamasi, yanatoka magamba yenye damu? Masikio yameziba? Macho mekundu, homa za jioni, uzito kushuka? Pima kreatinini (kuona kazi ya figo), picha ya kifua na ANCA, yaani kingamwili za damu zinazoambatana na ugonjwa huu, hasa ile inayolenga protini ya PR3. ANCA ikiwa hasi, usiufute ugonjwa. Wapo wenye nao ambao kipimo hakiwashiki. Mkojo nao utazamwe kwa hadubini ungali mbichi: chembe nyekundu zilizokunjamana, au zilizoshikana kwa umbo la kijimrija, zimetoka kwenye figo, si kwenye tezi.

Kosa linaloniudhi zaidi hutokea siku ya kukata kinyama cha tezi ili kipimwe. Vipande vyote vinatumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, vijidudu vinakufa, na kuotesha hakuwezekani tena. Kipande kimoja kiwekwe kwenye maji ya chumvi safi, kwa sababu kifua kikuu cha tezi dume nacho hutengeneza granuloma (vinundu vya chembe za kinga) zenye kitovu kilichooza. Hata BCG, chanjo ya kifua kikuu, iliyowekwa kwenye kibofu kutibu saratani, au tezi iliyowahi kukwanguliwa, huacha granuloma. Ukimpa mwenye kifua kikuu prednisoloni, dawa inayotuliza kinga ya mwili, peke yake, umemwagia moto petroli.

Ikithibitika ni ugonjwa wa mishipa, prednisoloni huanza karibu miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pamoja na rituksimabu (miligramu 375 kwa kila mita mraba ya mwili, mara moja kwa wiki, wiki 4) au siklofosfamidi, zote mbili dawa za kudhibiti kinga. Homa ya ini B ipimwe kabla ya rituksimabu. Siklofosfamidi yenyewe huunguza kibofu, hivyo damu ikirudi kwenye mkojo usikimbilie kusema ugonjwa umeamka.

Mkojo ukiwa umeziba, weka mpira wa kutolea mkojo na usubiri. Mara nyingi uvimbe hunywea kwa dawa, na kisu hakihitajiki.