Uongozi wa kiroho niliuona wodi ya njiti
Kwenye makala yenu mmeandika kwamba watafiti wa uuguzi wanataka wakuu wa wodi za njiti wafundishwe uongozi wa kiroho, na huku chini kwenye maoni watu wameshaanza ugomvi wa dini. Taratibu jamani. Mimi nimelala wodi hiyo siku 23, mwanangu gramu 1,250, kafungwa kifuani kwangu kwa khanga, kofia ya sufu kichwani, maziwa mililita 5 kwa mrija.

Usiku mmoja jirani yangu wa kitanda alifiwa na kichanga chake. Sista mkuu hakuhubiri. Alimpa mtoto amshike, akamuuliza aitiwe shehe au mchungaji, akakaa naye kimya. Halafu akaenda stoo kumtoa muuguzi kijana aliyekuwa analia, akamshikia zamu. Huo kwangu ndio uongozi wa kiroho. (Huyohuyo kwenye kunawa mikono alikuwa moto wa kuotea mbali!)

Na kangaruu, yaani huko kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, si faraja tu. Ilianza Bogotá, Kolombia, 1978, na utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuanza mara tu mtoto anapozaliwa, bila kungoja kwanza hali yake itulie, kunapunguza vifo kwa robo. Sharti mama awepo muda wote. Sasa kule nilikojifungulia, kabla ya rufaa, nilitolewa nje nikasubiri kwenye benchi, nimwone mwanangu saa ya kunyonyesha tu. Semina sawa, ila mama naye apewe kitanda humo ndani.