Mzee akianguka, na kumbukumbu yake ipimwe?

Mzee akianguka uani, iwe Tandahimba au Nachingwea, huulizwa ameumia wapi na presha ikoje. Nyonga inapigwa picha, jeraha linafungwa, anarudi nyumbani. Wataalamu wa afya ya wazee wanataka liongezwe swali la kumbukumbu, na hoja yao ni nzito. Mwenye ugonjwa wa kusahau huanguka takriban mara mbili ya wenzake wa rika moja. Tena kuanguka kwingine ni kuzimia, na aliyezimia huenda asijue kama alizimia. Atasema "niliteleza tu, mwanangu," na daktari ataandika kuteleza. Hapo mjukuu aliyekuwepo ndiye wa kuulizwa: babu alikuwa ndiyo kwanza anainuka mkekani? Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, huenda chanzo ni hicho, na pengine kimeletwa na dawa anazomeza.

Wanaopinga nao wana lao. Vipimo vingi vya kumbukumbu humtaka mtu asome, aandike, atoe 7 kwenye 100. Bibi wa Newala ambaye hakupelekwa shule ataonekana mgonjwa, ilhali anaujua kila mkorosho wake na aliyeupanda. Hili lina dawa: kipo kipimo cha IDEA, kilichojaribiwa kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro, ambacho hutumia vijiti vya kiberiti badala ya kalamu. Linaloniumiza zaidi ni la nyumbani. Mzee akishaitwa msahaulifu, haulizwi tena korosho zimeuzwa bei gani, na shamba linagawanywa angali hai.

Hata hivyo naunga mkono kupima, ila si siku ileile. Maumivu, homa, kukaukiwa maji au sukari kushuka humchanganya mtu kwa muda tu, na hali hiyo ikitibiwa akili hurudi. Lakini aliyekuwa sawa siku ya kwanza, akaanza kupotewa na maneno wiki chache baadaye, awahishwe hospitali. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na upasuaji humwokoa. Wangapi tunawaacha kitandani tukisema ni uzee?

Shahidi aulizwe kuhusu kuanguka. Majibu ya kumbukumbu apewe mzee kwanza, kisha yeye aseme ni mtoto yupi aambiwe.