Galaksi ya Leo P ilinyamaza ikaanza tena

Nimesoma makala kuhusu Leo P, galaksi ndogo, na hii ya kuzaa nyota mapema kabisa, ikanyamaza mabilioni ya miaka halafu ikaanza tena imenikosha kweli, ila mwandishi angeeleza wanasayansi wamejuaje. Iko hivi, darubini ya James Webb inatenganisha nyota mojamoja japo ziko miaka nuru kama milioni 5, wanapima mng'ao na rangi ya kila moja, maana zile kubwa za bluu hufa haraka kwa hiyo ukiziona ujue zimezaliwa juzijuzi tu, hafifu zinazoishi sana ndo zina kumbukumbu za zamani. Alafu kiwango cha oksijeni cha Leo P ni kama asilimia 3 tu ya kile cha Jua!! Na gesi ya kuzaa nyota nyingine bado inayo.