Pipa moja la taka: kazi ya kuchambua inamwangukia nani?

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wakazi wa jengo letu hapa Njiro, Arusha, ilitolewa hoja iliyotugawa. Jengo lina ofisi ghorofa mbili za chini na familia ghorofa za juu. Kwa karibu mwaka mzima tumekuwa na mapipa matatu nyuma ya geti: la karatasi na maboksi, la plastiki na makopo, na la taka nyinginezo. Hoja ilikuwa kwamba mawili ya kwanza yaunganishwe. Gazeti, chupa ya maji, kopo la soda, boksi la viatu, vyote viingie pipa moja na kuchambuliwa huko mbele.

Walioleta hoja hawakukurupuka. Mapipa matatu yameshindwa, na sote tunaona. Mtoto anayetumwa na ndoo saa kumi na mbili asubuhi akiwahi gari la shule hasimami kusoma maandishi. Mgeni wa ofisini anatupa kikombe chake kwenye pipa lililo karibu na mlango. Kilichotukatisha tamaa zaidi ni gari la taka lililokuja siku moja na kumwaga mapipa yote matatu kwenye bodi moja, mbele ya macho yetu. Baada ya siku ile ukimwambia jirani atenganishe, atakuuliza kwa faida ya nani, na jibu halikuwepo. Pipa moja angalau watu watalitumia. Jiko la nyumba ya kupanga halina nafasi ya ndoo tatu, na guta moja linatosha kubeba mzigo.

Mmoja wetu alitoa mfano wa Marekani, ambako utaratibu huu ulishika kasi kuanzia California miaka ya 1990. Ni kweli, kule kaya nyingi zinatupa vyote pamoja. Lakini pipa lile linaishia kwenye kiwanda cha kuchambua. Taka zinapita juu ya mikanda, maboksi yanabaki juu ya magurudumu yanayozunguka huku vitu vidogo vikidondoka chini, sumaku inanyakua chuma, mkondo wa umeme unarusha alumini pembeni, na kamera zinatambua aina ya plastiki kisha upepo unaipuliza kwenye njia yake. Pamoja na mitambo hiyo yote, karatasi inatoka na vipande vya chupa na mafuta ya chakula. Mwaka 2018 China, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa taka hizo, iliweka sharti kwamba uchafu usizidi asilimia 0.5 ya mzigo. Miji mingi ya Marekani ilijikuta na shehena isiyouzika, na baadhi ikarudi kuzipeleka dampo au kuzichoma. Urahisi wa nyumbani ulikuwa na gharama yake, ila ililipwa mbali na macho ya aliyetupa.

Hapa kwetu mashine ni mikono ya watu. Nilikwenda kumtazama mama anayenunua taka za mtaa wetu na kuziuza kwa watu wa skrepa. Anafanyia kazi chini ya turubai, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, viroba vinne vimemzunguka. Alichomoa boksi kubwa la televisheni, boksi zuri, likiwa limelowa upande mmoja kwa mtori uliomwagika. Akalibonyeza, kidole kikazama. "Dada yangu, hili limeshakufa," akaniambia, akalitupa nyuma yake. Mnunuzi naye hubonyeza hivyo hivyo kabla ya kupandisha kwenye mzani, kwa sababu boksi bichi linaongeza kilo za maji. Akilikuta moja limelowa, anakata bei ya kiroba kizima.

Chupa za maji anazikata shingo na kuzitenga: nyeupe peke yake, za rangi peke yake. Vifuniko anavitoa kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine. Ukitumbukiza vyote kwenye maji, vipande vya chupa vinazama na vya kifuniko vinaelea. Hayo hakufundishwa darasani. Kwenye kidole gumba cha kulia ana kovu la chupa iliyovunjikia ndani ya kiroba cha karatasi. Anaingiza mkono bila glavu, akipapasa.

Nilipotoka pale nilikuwa nimebadili mawazo, lakini si kwa kiasi ambacho wapinzani wa pipa moja wangependa. Nilimuuliza kama anataka tumtengee karatasi na plastiki. Akasema kuzitenganisha hizo ni kazi ya dakika chache, haimsumbui. Kinachomuua ni chakula na chupa za kioo. Tumekuwa tukibishana kuhusu mstari kati ya karatasi na plastiki, na mstari wenye thamani upo kati ya kikavu na kibichi. Pipa la tatu, lile la "nyinginezo" ambalo hoja haikuligusa kabisa, ndilo lenye tatizo. Likijaa, na hujaa mapema kwa sababu taka za jikoni ndizo nyingi, maganda ya ndizi na mabaki ya wali yanahamia kwenye mapipa mawili yaliyo pembeni yake.

Kwa sisi tuliotoka mlimani hili lilipaswa kuwa rahisi. Kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, ganda la ndizi halikuwahi kuwa taka. Linakwenda kwa ng'ombe, na samadi inarudi kwenye migomba. Hata mjini wafugaji wa nguruwe wanapita kuomba mabaki ya chakula, na kwetu mlinzi amekuwa akiwarudisha getini kwa kuwa hakuna kilichotengwa. Chupa ya kioo nayo tunaijua tangu utotoni: ukienda dukani kununua kreti ya soda unabeba kreti yenye chupa tupu. Hakuna aliyehitaji semina, kwa sababu asiyerudisha chupa analipia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa. Wapo watakaosema kuunganisha mapipa ni kurudi nyuma. Siamini hivyo, ikiwa kibichi kitakaa kwake. Nakubali pia hasara iliyopo: karatasi nyeupe za ofisini zikichanganywa na makopo zitachafuka kidogo, na zina bei nzuri kuliko boksi. Ofisi zinaweza kuzifunga kwenye kiroba chao na kumkabidhi yule mama mkononi.

Kikao kinachofuata ni Jumamosi. Nitaunga mkono pipa moja la taka kavu, nikiomba iongezwe ndoo yenye kifuniko kila ghorofa kwa taka za jikoni, imwagwe kila jioni, na kreti karibu na geti kwa chupa za kioo. Nitaomba pia ada ya taka ya mwezi huu inunue jozi mbili za glavu nene. Vipimo vya mkono wake ninavyo.